Mlango wa Kobe

Fundi Milimita aliutazama mlango ule kwa muda wa kumaliza vikombe viwili vya chai, bila kuugusa, na hilo peke yake lilitosha kumtia shemeji yake wasiwasi. Mafundi wengi wakiitwa hufika na nyundo mkononi. Hugonga kwanza, ndipo waulize kulikoni. Yeye hakuwa wa aina hiyo. Aliketi juu ya sanduku lake la zana, miwani imemteremkia puani, akatazama tu, kama daktari aliyeletewa mtoto mchanga asiyeweza kusema anaumwa wapi.

Mlango wenyewe ulikuwa wa gari, lakini gari la namna yake. Lilikuwa lori dogo la zamani ambalo mgongoni, mahali pa mizigo, lilibeba chumba kizima: kitanda, jiko la gesi, sinki, kabati la nguo na meza ya kukunja. Kampuni moja ya kujenga barabara ndiyo iliyoliunda, ili wahandisi wake wapate pa kulala wakiwa kazini mbali na miji. Lilipochakaa likauzwa, na kaka yake Milimita, aliyeendesha magari ya watu wengine tangu ujana hadi mvi, akalinunua mwezi uleule aliostaafu. Watu walimcheka. Naye akacheka nao, akampakia mkewe, wakaenda zao. Binti yao wa pekee ndiye aliyelipa gari lile jina la Kobe, kwa kuwa lilibeba nyumba mgongoni, na kwa kuwa hata kwenye mteremko lilikwenda kana kwamba linaomba ruhusa.

Miaka sita walizunguka nalo. Magoti ya mzee yalipoanza kugombana na klachi, waliliegesha kwenye kiwanja kidogo kando ya kibanda cha fundi cherehani, wakavuta maji, wakaendelea kuishi humo kama watu ambao bado wako safarini. Wakakaa miaka miwili mingine. Na humo ndimo kaka alimofia, miezi mitano iliyopita, nyuma ya mlango huo.

“Shemeji,” mjane alisema kutoka ndani, “usiutazame hivyo. Unanitisha.”

“Nausoma.”

“Basi usome vizuri. Sikukuita uje unirekebishie tu. Nataka uniambie kama ni mimi.”

Milimita alijitia hamnazo. Alitoa kitambaa mfukoni akaifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. “Wewe nini?”

“Kama ni mimi niliyeuharibu. Kwa kuubamiza.”

Hapo hapakuwa na mahali pa kujificha, maana jambo lenyewe kila mtu katika familia alilijua. Mlango wa Kobe ulikuwa mkorofi tangu zamani. Kuufunga, ilibidi uuvute kwa nguvu mpaka vyombo vitikisike kabatini. Kuufungua kutoka nje, ilibidi uushike mpini, uuinue kwanza, ndipo uvute. Mume na mke walikuwa wameuzoea, kama watu wanavyomzoea ndugu mwenye kisirani. Asubuhi ile mke alitoka kwenda kununua mboga, akaubamiza kama siku zote, akaenda. Mara kifua kikambana mzee. Alijikokota hadi mlangoni, akasukuma, ukagoma. Fundi cherehani alisikia kishindo cha ngumi, akaja mbio, akavuta mpaka kiganja kikachubuka. Madirisha yalikuwa madogo, ya juu, yenye nondo, na chumba hakikuwa na upenyo wa kupita kwenda kwa dereva. Ikabidi fundi cherehani akimbie kutafuta mtaimbo, na mpaka mtaimbo upatikane, na mlango uvunjwe, na mzee afikishwe hospitali, daktari alikuwa na neno moja tu la kusema. Mmechelewa.

Siku ya mazishi, binti alimuuliza mama yake swali mbele ya watu: “Mama, ilikuwa lazima uubamize?” Tangu siku hiyo hajamsemesha. Juma hili alituma ujumbe: Jumamosi litakuja lori la kuvuta, Kobe apelekwe kwa wakata vyuma chakavu, na mama atafutiwe chumba mahali pengine. Leo ilikuwa Alhamisi. Mjane hakubishana na ujumbe ule. Alitaka kujua tu, kabla mlango haujakatwa vipande na jibu lake likapotea nao.

Na tuseme ukweli mapema, maana msimulizi akificha hili atakuwa hana tofauti na Milimita: utani wa mkono mzito uliotangulia swali lile la makaburini aliuanzisha Milimita mwenyewe. Kaka yake alipompigia simu mara ya kwanza kulalamika kwamba mlango unakwama, alimjibu kwa kicheko, “Mlango hauna kosa. Mkeo ana mkono mzito. Mwambie aufunge, asiupige.” Kaka akacheka, akampelekea mkewe, mkewe akacheka, na utani ukazunguka katika familia mwaka baada ya mwaka. Kila Kobe alipowasili kwa ndugu, mtu alipiga kelele, “Jamani, shikeni vikombe, mkono mzito huyo anashuka!” Watu wakafa kwa kicheko. Binti naye alikizoea kicheko hicho, na baba yake alipokufa nyuma ya mlango, alichokuwa nacho mkononi cha kulaumu ni kile alichokisikia miaka yote.

Milimita alisimama, magoti yakalia. Jina lake alilipata karakanani, ambako kwa zaidi ya miaka thelathini aliunda bodi za mabasi. Kijana akimwambia, “Mzee, imepungua milimita moja tu,” alimfukuza akanywe maji kwanza, kisha arudi aitafute hiyo milimita. Sifa hiyo aliipenda. Aliivaa kama suti.

Alianza na lililo wazi. Upande wa kitasa, mtaimbo ulikuwa umeng'ata bati na kupasua mbao, na mtu aliyejiita seremala alikuwa ameliziba jeraha kwa ubao mbichi na misumari iliyopinda. Tangu hapo mjane hakuurudisha tena mlango kwenye fremu. Aliufunga kwa kamba tu, ukiwa umeachama kiasi cha mkono kupita, mvua inyeshe isinyeshe.

“Haya ni ya juzi,” alisema, akiung'oa ule ubao. “Tunayaweka kando. Tunatafuta ya zamani.”

“Utayajuaje?”

“Ya zamani yana ulaini. Kitu kikisuguana miaka mingi kinang'aa.”

Alikijaribu kitasa mlango ukiwa wazi. Alizungusha mpini mara kumi, na mara zote kumi ulimi wa kitasa uliingia na kutoka bila kinyongo. Alikwenda kwenye bawaba. Aliukamata mlango kwa mikono miwili upande usio na bawaba, akauinua taratibu kuona kama kuna kulegea. Hakuna. Bawaba zilikuwa imara kama siku alipozifunga yeye mwenyewe. Lakini nyuma ya bawaba ya chini aliona kitu kinametameta. Alichungulia. Vilikuwa vipande vitatu vya bati, vimekatwa kwa mkasi, kimoja juu ya kingine, kuusukuma mlango nje kidogo.

“Nani aliweka hivi?”

“Yeye,” mjane alisema. “Jumapili moja. Alikata mfuniko wa kopo la kahawa. Akajikata na kidole. Alifurahi sana siku hiyo. Mlango ulikubali kwa siku mbili.”

Na pembe ya juu, upande wa kitasa, ilikuwa imepigwa randa. Si randa ya fundi. Ilikuwa imekwenda mrama, hapa imekula sana, pale imeruka. Kaka alikuwa dereva. Usukani aliujua, mbao hakuzijua. Milimita alipitisha kidole juu ya mabonde yale madogo akazikumbuka simu. Kaka alimpigia mara tatu kuhusu mlango huu. Mara ya kwanza alimpa utani. Mara ya pili alimwambia atakuja. Mara ya tatu alikuja kweli, akatia mafuta kwenye kitasa, akanywa chai, akarudia ule utani mbele ya binti, akaondoka. Baada ya hapo kaka hakuomba tena. Alichukua mkasi.

“Shemeji, mbona umenyamaza?”

“Naleta chaki.”

Aliupaka ukingo wa mlango chaki kuanzia juu hadi chini, pande zote nne, kisha akausogeza polepole kwenye fremu mpaka ukagoma, akaufungua tena. Chaki ilikuwa imefutika mahali pawili tu: pembe ya juu upande wa kitasa, na pembe ya chini upande wa bawaba. Pembe mbili zinazotazamana kwa mshazari. Kwingineko chaki ilikaa kama ilivyopakwa, na pembe ya chini upande wa kitasa kulikuwa na nafasi ya kuingiza kidole.

Alichukua tepu, akapima fremu kutoka pembe hadi pembe, kwa mshazari, kushoto kwenda kulia. Akapima ule mshazari mwingine. Akarudia yote mawili, maana hakuyaamini macho yake.

“Kumi na moja,” alisema.

“Kumi na moja nini?”

“Milimita. Fremu hii haikukaa mraba. Imesukumwa kama kiberiti kilichokaliwa.”

Mjane alishuka ngazi ya gari, akasimama karibu naye. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono midogo; mtu aliyeusikia utani ule wa familia angeshangaa ulitoka wapi. “Na kubamiza kunaweza kuisukuma?”

“Subiri kwanza,” alisema Milimita.

Hakuwa na haja ya kusubiri. Kubamiza hulegeza skrubu. Kubamiza huvunja kitasa. Lakini kukunja fremu iliyoungwa kwenye ukuta wa chumba kizima, hilo haliwezi kufanywa na mkono wa binadamu, uwe mzito ama mwepesi. Alilijua hilo palepale, na bado hakulitamka, kwa kuwa fundi hasemi nusu. Alitandika boksi chini, akajilaza, akajisukuma chini ya Kobe. Aligonga boriti ya kizingiti kwa mpini wa bisibisi. Ikalia sauti kavu, nzima. Alichomeka ncha ya bisibisi mahali penye doa la maji, haikuzama. Hakuna kuoza. Aliikagua chasisi kwa kitambaa na tochi, kiungo kwa kiungo; hakuna ufa. Springi zilikaa sawa kushoto na kulia. Kobe alikuwa mzee, lakini mzee mwenye afya yake.

Basi akachukua jeki. Aliiweka chini ya chasisi, nyuma, upande wa mlango, akaanza kupandisha kidogokidogo, huku akitoka kila mara kwenda kupima fremu. Kumi na moja ikawa nane. Nane ikawa tano. Gari lilipokuwa limeinuka kiasi cha vidole vitatu, mishazari miwili ikalingana.

“Sukuma mlango,” alisema kutoka chini. “Kwa kidole.”

Mjane alinyoosha kidole kimoja, akasukuma. Mlango ulikwenda wenyewe, ukaingia kwenye fremu, ulimi wa kitasa ukajishika. Aliurudisha mkono kifuani kana kwamba ameungua.

Na kule chini, kwenye boksi, Fundi Milimita aliuachia mpini wa jeki. Kwa sababu mlango huu alikwisha kuuona ukifungwa kwa kidole. Aliufunga yeye.

Ilikuwa miaka minane iliyopita, katika karakana yake. Chumba cha Kobe kilikuwa na mlango uliooza, na yeye alijitolea kumtengenezea kaka yake fremu mpya na mlango mpya, zawadi ya kustaafu. Sheria ya kazi hiyo aliijua kuliko jina la babu yake, na kila kijana aliyepita mikononi mwake aliisikia mpaka akaichoka: mlango hupimwa gari likiwa limesimama kwa miguu yake, na mzigo wake ndani. Gari likiwa juu ya stendi, vile vyuma vya kuliinua hewani, bodi hukaa vingine. Lakini juma lile matairi ya Kobe yalikuwa yamepelekwa kubadilishwa, kaka alitaka kuondoka alfajiri ya kesho yake, na uani kulikuwa na basi la watu linalosubiri. Milimita alijiambia, nitaufunga hivihivi, gari likishuka nitautazama tena. Akaunda fremu, akaunda mlango, Kobe akiwa hewani juu ya stendi nne. Ukakaa sawasawa, kila upande milimita tatu. Matairi yalirudi jioni, gari likashushwa, watu wakiwa wamechoka na wanacheka. Kaka akawasha injini kuisikiliza. Mke akapakia masufuria. Alfajiri wakaondoka, na Milimita akapunga mkono. Hakuutazama tena.

Kosa lilikuwa la siku ya kwanza. Wale wawili hawakuwahi kuwa na mlango mzima hata asubuhi moja.

Lakini kusahau, mtu husahau. Kilichomkaba pale chini ni kwamba aliambiwa mara tatu, na mara zote tatu hakuwaza kabisa kwamba kazi ya mkono wake inaweza kuwa na kosa. Akamtafutia mkosaji mwingine, na mkosaji aliyekuwa karibu alikuwa mke wa kaka yake.

“Umeona nini?” mjane aliuliza. Milimita aliona miguu yake tu, viatu vya plastiki, vidole vimeshikana.

Milimita alifungua mdomo. Maneno yote yalikuwepo, yamepangika. Kisha akasikia sauti yake ikisema, “Kitasa.”

“Kitasa?”

“Ulimi wa kitasa ulichoka. Ukawa unabana.”

“Kinachokichosha kitasa ni nini?”

“Miaka.”

“Na kubamizwa.”

Milimita alijipangusa vumbi usoni.

“Shemeji, nakuuliza. Na kubamizwa?”

“Kidogo,” alisema.

Miguu ilisimama palepale kwa muda. “Basi,” mjane alisema. “Nilijua. Afadhali nimesikia kwa mtu anayejua kazi.” Akapanda ngazi. Punde Milimita akasikia kabati likifunguliwa na vibanio vya nguo vikigongana. “Nafungasha,” alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, iliyomtisha zaidi kuliko kilio. “Jumamosi wasinikute na kazi. Na nitampigia mwanangu mwenyewe nimwambie kwamba alisema kweli. Labda akisikia nimekubali atanisamehe.”

Milimita alitoka chini ya gari akiwa na vumbi mgongoni na uongo mdomoni, na mtu angemwuliza kipi kizito zaidi asingechelewa kujibu. Alikuwa na njia rahisi mbele yake. Angeurekebisha mlango, angebadilisha kitasa kizima aweke kipya, na hakuna fundi duniani ambaye angekuja kumwumbua. Kaka hasemi. Kobe anakwenda kukatwa. Alipiga hesabu hiyo yote akiwa amesimama na tepu mkononi, na aibu haikumzuia kuipiga.

Fundi cherehani alivuka kutoka kibandani kwake na chupa ya maji. Alikuwa mtu wa maneno mengi siku nyingine. Leo aliitazama ile fremu kwa mbali, hakutaka kuikaribia.

“Inakubali?”

“Itakubali.”

“Mimi mlango huo siusahau,” fundi cherehani alisema. Aliteremsha sauti ili mjane asisikie. “Unajua alinielekeza? Akiwa ndani, na kifua hicho. Aliniambia, ‘Inua kwanza, ndipo uvute.’ Pole pole, kama unavyomwelekeza mgeni. Nikainua, nikavuta. Akaniambia tena, ‘Inua kwanza.’ Nikainua tena. Hakuwa na hasira, Fundi. Wala hakumlaumu mtu. Alidhani ni mimi nisiyejua kuufungua.”

Milimita alichukua chupa ya maji, akaishika, hakunywa. Fundi cherehani alimtazama, akaona kuwa si wakati wa maongezi, akarudi kwenye mashine yake.

Kwanza alifanya kazi, kwa kuwa mikono ndiyo iliyokuwa tayari. Alishusha jeki mpaka Kobe akasimama kwa magurudumu yake manne. Aliweka pimamaji sakafuni, akachomeka jiwe hili na lile chini ya magurudumu mpaka povu likatulia katikati. Alimwomba mjane ajaze tangi la maji. Alimwomba arudishe kabatini kile alichokwisha kukitoa.

“Nirudishe nini, na mimi naondoka?”

“Rudisha tu, shemeji. Kila kitu kiwe mahali pake. Halafu ukae pale unapokaa siku zote.”

Alimtazama kama mtu aliyerukwa na akili, lakini alirudisha. Akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu na dirisha, mikono mapajani. Kile kiti cha upande wa pili wa meza kilibaki kitupu, na Milimita hakuweza kukipima.

Akazilegeza bawaba. Alivitoa vile vipande vitatu vya bati, akavitia mfuko wa shati. Aliing'oa nguzo ya fremu upande wa bawaba, akaifunga upya ikifuata gari lilivyo, si kama alivyotaka yeye liwe. Alikata ubao mpya kuziba pengo la mtaimbo, akaupaka gundi, akasogeza bati la kitasa. Akapima. Akalegeza. Akapima tena. Saa kumi alasiri mlango ulikuwa unakwenda na kurudi bila kugusa popote.

Akazipangusa zana zake zote. Akazipanga. Zilipokwisha kupangika na hakuna kingine cha kushika, alisema, “Shemeji, toka kidogo.”

Mjane alitoka, akasimama kwenye ngazi, akawa juu yake kidogo.

“Kitasa ni kizima,” alisema Milimita. “Hakijachoka. Nilikudanganya.”

Mjane alishika ukingo wa mlango.

“Mlango huu niliutengeneza gari likiwa juu ya stendi. Halikuwa na matairi. Lilipotua chini, fremu ikapinda, na mimi sikurudi kuitazama. Ulikuwa umekwama tangu siku mlipoondoka kwangu. Hata angeufunga malaika, ingebidi aubamize, vinginevyo usingeshika. Hukuuharibu wewe. Ni mimi. Na kaka aliniambia. Mara tatu aliniambia.”

Kibandani mashine ya cherehani ilikuwa imenyamaza.

“Tangu siku ya kwanza,” mjane alisema.

“Tangu siku ya kwanza.”

“Ulikuja hapa. Ukakaa pale. Ukanywa chai yangu.”

“Ndiyo.”

“Ukasema nina mkono mzito.”

“Ndiyo, shemeji.”

“Mbele ya mwanangu.”

“Ndiyo.”

Milimita alitamani atukanwe. Angetukanwa angejua pa kuweka uso. Lakini mjane alimtazama tu, akamtazama, na midomo ikaanza kumtetema, akaibana kwa meno mpaka ikatulia.

“Mpigie,” alisema.

Alitoa simu. Akaitafuta namba, akapiga. Binti alipokea kwa sauti ya mtu aliye kazini. “Baba mdogo, shikamoo. Kama ni habari ya Kobe, lori nimeshalipanga.”

“Marahaba. Si Kobe. Ni mlango.”

Akamwambia. Hakutia chumvi wala hakupunguza. Alimwambia stendi, matairi, basi lililokuwa likisubiri, milimita kumi na moja, simu tatu za baba yake. Alimwambia kwamba mama yake alikuwa akifanya kila siku kazi ambayo fundi aliiacha njiani. Alimwambia na lile neno “kidogo” alilolisema mchana huohuo, kwa kuwa alihisi asiposema na hilo atakuwa hajasema kitu. Alipomaliza alitazama kioo kuona kama simu imekatika.

“Mpe mama simu,” binti alisema.

Mjane aliipokea kwa mikono miwili. Aliingia ndani, akauvuta mlango, ukafungika. Milimita alibaki nje. Kupitia bati alisikia sauti yake, si maneno, sauti tu, ya chini, inayokatika na kuanza tena. Kisha akamsikia akilia. Siku ya mazishi hakulia. Watu walimsema kwa hilo pia. Sasa alilia kwa sauti, kama mtu aliyeruhusiwa, na Milimita akaketi juu ya sanduku lake la zana. Alimfurahia kwa moyo wote, naye mwenyewe alikuwa amevunjika. Kuondoka hakuweza, simu yake ilikuwa ndani. Kubisha hodi hakuthubutu.

Jua lilikuwa limehama ukuta mmoja hadi mwingine mlango ulipofunguka. Mjane alikuwa amenawa uso. Alimrudishia simu, ikiwa na joto.

“Anakuja Jumamosi,” alisema. “Lori haliji.”

“Ashukuriwe Mungu.”

“Ashukuriwe.”

Milimita alizungusha simu mkononi. “Na mimi nije, shemeji? Nimwambie ana kwa ana?”

Mjane aliufikiria mlango, kisha akamfikiria yeye, na alichukua muda wake. Hasira haikuwemo katika sauti yake, na laiti ingekuwemo.

“Usije,” alisema. “Alinilaumu miezi mitano, na mimi ni mama yake. Wewe muache na wewe akulaumu kidogo. Nitakuita. Nikishindwa kukuita, ujue nilijaribu.”

Akarudi ndani. Milimita alibeba sanduku lake, akapita mbele ya kibanda cha fundi cherehani, ambaye aliinamia kitambaa chake asimwone fundi mwenziwe akitokwa machozi, akashika njia ya kwenda kwake.